Kiangazi cha Pangani: kabla ya kuangalia namba ya joto kwenye simu, angalia upepo

Mwalimu mmoja kaniandikia hivi: "Shikamoo mzee. Nimehamishiwa Pangani kutoka Njombe, natakiwa kuripoti mwezi wa kwanza na naenda na mtoto wa miaka miwili. Nikifungua simu naona Pangani mvua na radi karibu kila siku wiki mbili mfululizo, lakini mwenzangu aliyeko huko ananiambia hakuna hata tone, ni jua tu. Nani mkweli? Na joto la huko likoje mpaka masika, nibebe nguo gani, nyumba nichague vipi?"

Marahaba mwalimu, na karibu sana pwani. Nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu una mtoto mdogo na unatoka kwenye baridi ya kweli, sitaki ufike ukae wiki ya kwanza unalia na joto wakati kuna mambo ambayo mtu angekuambia mapema yangekusaidia.

Mwenzako ndo mkweli. Ila kabla hatujailaumu simu naomba ufanye jambo moja dogo, angalia hiyo apu yako inakuonyesha Pangani ipi, maana Nairobi nako kuna mtaa unaitwa Pangani na watu wengi wanaangalia hali ya hewa ya Nairobi bila kujua. Namna ya kugundua ni kuangalia joto la usiku, ukiona Januari usiku 13 au 14 na mchana 26 basi hiyo ni Nairobi, Pangani yetu ya mkoa wa Tanga Januari usiku inacheza kwenye 24 hivi na mchana 32 au 33. Ukishakuta ni Pangani yenyewe na bado imekuwekea radi kila siku, hapo tutaongea, nitarudi kwenye hilo chini.

Sasa jambo la kwanza la kubadilisha kichwani ni kalenda. Njombe mna msimu mmoja wa mvua, unaanza Novemba unaenda mpaka Aprili, kwa hiyo kwako wewe Januari ni matope, ukungu na mahindi yanakua. Pangani Januari ni kiangazi. Vuli inakuwa imeisha Desemba, masika haijafika, katikati hapo ndo kuna Januari, Februari na kipande cha Machi, jua kali na mvua chache sana za kupita. Nchi moja, mwezi mmoja, watu wa Njombe wamevaa makoti ya mvua na watu wa Pangani wanatafuta kivuli.

Na anayeendesha kiangazi chote hicho ni kaskazi. Kaskazi ni upepo unaotoka kaskazini mashariki, unaanza kushika Desemba, Januari na Februari unakuwa na nguvu zake zote, Machi unachoka. Upo kwa sababu wakati huo kule Asia na Arabuni ni kipindi cha baridi, hewa ya baridi ni nzito inasukumwa kuja huku kwetu ambako jua limehamia kusini mwa ikweta. Ndo upepo uleule uliokuwa unaleta majahazi ya Waarabu na Wahindi pwani hii, halafu yakisubiri kusi, yaani upepo unaotoka kusini, iingie yarudi kwao. Huu upepo hauleti mvua nyingi kwetu kwa sababu unatembea karibu sambamba na pwani, hauingii nchi kavu kwa nguvu ukapandisha mawingu, unapita tu kama gari linalopita njia kuu bila kukata kona. Kwa hiyo kaskazi ikikaa vizuri Pangani inakuwa kavu, na ndo maana mwenzako anakuambia hakuna hata tone.

Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo kiini cha jibu langu: pale Pangani usihukumu siku kwa namba ya joto, hukumu kwa upepo. Ukichukua Januari na Machi namba ya joto inatofautiana digrii moja tu au hata isitofautiane kabisa, lakini mwili wako utakuambia ni miezi miwili tofauti kabisa. Januari 32 yenye kaskazi unakaa barazani unaongea na majirani vizuri tu. Machi 32 isiyo na upepo unakaa palepale jasho linatiririka mgongoni na hujafanya kazi yoyote. Sababu ni unyevu. Mwili unajipoza kwa jasho kukauka, na hewa ya pwani imeshajaa maji tayari, jasho halina pa kwenda mpaka upepo uliondoe. Kwa hesabu za kitaalamu, digrii 32 na unyevu asilimia 40, kama mchana wa kiangazi bara, mwili unahisi kama 33 tu, lakini hiyohiyo 32 kwa unyevu asilimia 65 mwili unahisi kama 39. Simu nyingi zinaonyesha hiyo namba ya pili pale zinaposema inahisi kama kadhaa, mwalimu hiyo ndo uangalie, na uangalie na mstari wa upepo, ile 32 kubwa katikati ya skrini haikusaidii chochote.

Siku ya kawaida ya kiangazi Pangani ina saa zake, na ukizijua unapanga maisha. Alfajiri kuna umande, yaani kaupepo kepesi kanakotoka bara kwenda baharini, wavuvi wanakatumia kutoka. Hapo ndo kupoa kwenyewe, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili asubuhi, kazi zote nzito zifanye muda huo, kufua, kuchota maji, kwenda sokoni. Kuanzia saa tatu umande unakufa na upepo wa bahari haujaanza, basi ile saa tatu mpaka saa tano hivi hewa inasimama, wageni wengi wanashangaa kwamba asubuhi ya saa nne inawatesa kuliko saa tisa mchana. Halafu ardhi ikishapata moto kuliko bahari, upepo wa bahari unaingia, unaungana na kaskazi, na alasiri kuanzia saa nane mpaka jua kuzama unakuwa na nguvu kabisa, minazi inainama. Usiku upepo unapungua tena huku nyumba imeshakula moto wa mchana kutwa, na hapo ndo tatizo la kulala linapoanzia.

Kwa hiyo nyumba. Usichague nyumba kwa uzuri wa rangi au tailizi, chagua kwa madirisha. Chumba cha kulala kiwe na dirisha upande wa kaskazini mashariki au mashariki, na kiwe na tundu lingine upande wa pili, iwe mlango au dirisha, upepo upate pa kutokea, chumba chenye dirisha moja tu hata likiwa kubwa upepo hauingii kwa sababu hauna njia. Angalia ukuta wa jirani usiwe umeziba. Angalia paa, mabati bila silingi bodi kwa mtoto wa miaka miwili sikushauri, mchana pale ndani ni kama oveni. Zile nyumba za zamani za mawe na chokaa zenye kuta nene na dari ndefu mchana zinapoa sana, na nyumba ya makuti inapoa kuliko zote ingawa ina mambo yake mengine. Kitanda usikibane kwenye kona, kisogeze kwenye njia ya upepo, na neti ya mbu iwe pana yenye matundu ya kupitisha hewa maana kulala bila neti pwani haiwezekani. Feni nunua hata kabla ya friji. Kuna watu watakuambia uning'inize kanga mbichi dirishani ili chumba kipoe, hiyo inafanya kazi Dodoma ambako hewa ni kavu, Pangani inakuongezea unyevu tu ndani. Kinachosaidia ni kumfuta mtoto mwili na kitambaa cha maji halafu akae kwenye upepo wa feni, hapo maji yanakauka kwenye ngozi yake na anapoa kweli.

Na uliza habari ya maji kabla hujalipa kodi. Kiangazi kikikomaa visima vilivyo karibu na bahari vinakuwa na chumvi, na mto Pangani wenyewe maji ya bahari yanapanda nao kwenda juu wakati mtiririko ukiwa mdogo, ni shida inayojulikana miaka mingi pale. Muulize mwenye nyumba mwezi wa pili mnakunywa maji ya wapi, usimuulize tu kama maji yapo.

Mtoto. Atatoka harara, vile vipele vidogo vya joto shingoni, kifuani na kwenye mikunjo, watoto wengi wanaoshuka kutoka nyanda za juu wanapata. Usimpake mafuta mazito, yanaziba matundu ya jasho na kuongeza tatizo. Mwogeshe maji ya kawaida mara mbili tatu kwa siku, mvalishe pamba nyepesi au mwache na chupi tu ndani, na yale masweta ya Njombe yaache begini hata bibi yake akipiga simu kuuliza. Maji mpe mara kwa mara bila kusubiri aombe, madafu yapo na ni mazuri. Mwili wa mtu unahitaji kama siku 7 mpaka 14 kuzoea joto, kwa hiyo ukiweza fika wiki moja kabla ya siku ya kuripoti, na hizo siku za mwanzo usijilazimishe kutembea juani mchana. Ukiona mtu mzima au mtoto ngozi imekuwa ya moto sana, anachanganyikiwa, anatapika au anazidi kulegea, hiyo si uchovu, mmwagie maji, mpepee na mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Jua lenyewe usilichukulie poa. Mwanzoni mwa Machi, tarehe 6 au 7 hivi, jua linakuwa utosini kabisa Pangani, na kwa sababu mji uko magharibi ya mstari unaotumika kuhesabia saa zetu, utosi wa jua haufiki saa sita kamili bali kama saa sita na dakika 35 mchana. Simama nje dakika ile na fimbo iliyonyooka utaona kivuli kimepotea. Waonyeshe wanafunzi wako, ni somo la jiografia la bure, na watalikumbuka maisha yao yote. Lakini kwa michezo na kazi za shamba la shule pigania zifanyike asubuhi mapema, na zaidi wakati wa mfungo, maana miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi na wanafunzi wako wengi watakuwa wamefunga bila maji katika kipindi kigumu kuliko vyote cha mwaka.

Maana Machi ndo mwezi wenyewe. Kaskazi inachoka, kusi haijaingia, wazee wanaita tangambili kwa sababu chombo kinaweza kwenda upande wowote. Bahari inatulia kama kioo, inapendeza kweli, na ni moto, maji yanafika 29 mpaka 30 kwenye ukanda wetu, kwa hiyo hata upepo wa bahari ukija hauna ubaridi wa maana, na unyevu unapanda. Nimekaa na watu wa bara wengi waliovumilia Januari na Februari vizuri wakaniambia wamezoea, Machi ilipofika wakaomba likizo. Jiandae kwa Machi.

Tukija kwenye simu yako. Utabiri wa apu hautengenezwi na mtu aliyekaa Pangani, unatoka kwenye kompyuta kubwa za nje zinazogawa dunia kwenye miraba, mwingine una upana wa kilomita 9, mwingine 25, na kwenye mraba mmoja mkubwa pale Pangani kuna bahari, mdomo wa mto, mikoko, mji, minazi na mashamba ya mkonge, vyote vinapewa jibu moja. Wingu la mvua la kiangazi pale lina upana wa kilomita mbili tatu, linamwaga dakika kumi upande wa Bweni ng'ambo ya kivuko na mjini hakudondoki kitu. Kompyuta haiwezi kuliona wingu dogo hivyo, inalikisia, na inajulikana kabisa kwamba kwenye nchi za joto modeli nyingi, yaani programu za hizo kompyuta, zinaonyesha mvua kidogokidogo mara nyingi kuliko inavyonyesha kweli. Juu ya hapo baadhi ya apu zinachukua saa mbaya kuliko zote kwenye siku, hata kama ni saa tisa usiku yenye wasiwasi mdogo tu wa mvua, zinaibandika kama picha ya siku nzima. Ndo unapata radi siku 14 mfululizo. Na ukiona asilimia 30 maana yake si kwamba itanyesha kidogo au itanyesha sehemu ya siku, maana yake ni kwamba siku kumi zenye hali kama hiyo tatu ndo zinapata mvua, saba hazipati. Siku tatu za mbele apu inaweza kukusaidia, siku tano ni kwa tahadhari, kuanzia siku ya saba kwenda mbele kwa mvua ya Pangani mimi hata sifungui.

Badala yake fuatilia TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wao wana watu wanaoijua pwani hii na wanapima pale Tanga mjini. Ila ujue kusoma lugha yao. Wakisema mvua katika maeneo machache ya mkoa wa Tanga, usikunje nguo zilizoanikwa, maana mkoa wa Tanga ni mkubwa, una milima ya Usambara kule Lushoto ambako mawingu yanapanda kirahisi, na mara nyingi hayo maeneo machache ndo hayo. Wakisema baadhi ya maeneo anza kuangalia juu, wakisema maeneo mengi funga madirisha. Na usiruke sehemu ya mwisho wanapotaja upepo wa pwani na hali ya bahari. Wakitoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, jambo ambalo kaskazi ya Januari na Februari inaweza kulileta, safari ya kisiwa cha Maziwe ahirisha, na hata siku ya kawaida kwenda nenda asubuhi urudi kabla ya saa saba maana alasiri upepo unapanda na bahari inachafuka. Maziwe ni fungu la mchanga tu lisilo na kivuli cha mti, na maji yakijaa linafunikwa, kwa hiyo muulize nahodha habari ya bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, siku yanapojaa na kutoka kidogo, wenyewe wanahesabu kwa mwezi mwandamo.

Utakuwa na utabiri wako mwenyewe pia baada ya wiki chache. Amka angalia umande umekufa saa ngapi. Ukikata mapema na saa tano upepo wa bahari umeshaingia, siku itakuwa nzuri. Ukiona mpaka saa sita upepo bado unatoka bara au hewa imesimama kabisa, kaskazi imevurugwa mahali fulani, tegemea joto baya na radi jioni upande wa bara. Mara nyingi kinachoivuruga miezi hiyo ni kimbunga kilicho mbali kusini, kule Madagaska au mfereji wa Msumbiji, kinavuta hewa yote kwake. Kimbunga chenyewe kufika Pangani ni nadra sana, mji uko kama digrii tano na nusu tu kutoka ikweta na karibu na ikweta hewa inashindwa kuzunguka vizuri, ingawa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka kisiwa cha Mafia, kwa hiyo taarifa za TMA zikitoka zichukulie kwa uzito. Na kuna miaka ya El Niño, kama mwanzoni mwa 1998 au Januari 2024, mvua zinavuka vuli zinaingia mpaka kwenye kiangazi, miaka hiyo haya niliyokuambia juu ya Januari kavu yanaweza yasishike.

Masika utaijua yenyewe. Kwa kawaida inaanza kujitokeza nusu ya pili ya Machi au kuingia Aprili, mvua za kwanza zinakuja usiku na radi, asubuhi kunapoa ghafla watu wote wanaamka na furaha. Mwezi wa pili hivi TMA wanatoa mwelekeo wa masika, usome, kama unataka kulima bustani ya shule ndo wakati wa kutayarisha shamba.

Nguo basi: pamba, magauni mapana, kofia au mtandio wa kujikinga jua, ndala, kanga za kutosha, na mwavuli ambao utautumia kwa jua miezi mitatu kabla haujaona mvua. Sweta beba moja. Julai usiku Pangani unashuka mpaka 20 au 21 na utawaona wenyeji wamejifunika wanasema baridi kali, wewe hutahisi kitu, lakini utalihitaji siku ya likizo ya Juni basi likishaanza kupanda kurudi Njombe, na mtoto wako atakuwa ameshasahau baridi, lake beba mawili.